Wanyama wa Mzee Ujagar

Thamesmead, London
11 Februari 2024

Baba mpendwa,

Nawasalimu wewe na Mama. Magoti yake yanasemaje na baridi ya Elburgon? Mimi ni mzima, mafua tu ya kuja na kuondoka. Najua kwenye simu husikii. Dada Marion amenichekea akisema ukishikishwa simu unajibu "ndiyo" kwa kila kitu, hata ukiulizwa umekula nini. Kwa hiyo naandika. Dada atakutolea barua hii kwenye karatasi, na ukijibu atapiga picha anitumie. Msumeno wa kiwanda cha Kalasinga ulichukua masikio yako lakini macho ulikuachia, tushukuru.

Nimepewa mzee mpya wa kumtunza, Stanmore, upande mwingine kabisa wa London. Napanda treni ya Elizabeth pale Abbey Wood, nabadilisha Canary Wharf, kisha Jubilee mpaka reli inapoishia. Na mzee mwenyewe ni Kalasinga! Jina lake Ujagar Singh Bhamra, ana miaka themanini na nane, mzaliwa wa Nakuru. Kabla hujauliza, nimeshauliza: kwao hawakumjua Mistri Lachman, fundi mkuu wako wa kiwanda cha mbao, baba yake alikuwa mtu wa reli. Anaishi na Lorraine, mjane wa mwanawe Parminder. Lorraine wazazi wake walitoka Jamaika, yeye amekulia Thornton Heath, anafanya kazi mapokezi kwa daktari wa meno. Kipunjabi hajui.

Kiharusi cha Oktoba kilimpokonya mzee maneno. Hawezi kusema maji, hawezi kusema chai. Kilichobaki ni misemo ya kwao, ile ya watu wa zamani, nayo inatoka vipande vipande, na karibu kila kipande kina mnyama ndani.

Sasa hapa ndipo nilipokukumbuka. Walezi wengine wote huandika "ameongea lugha yake" basi. Mimi nikasikia maj, nikasikia khota, nikasikia kaan. Nyati, punda, kunguru! Si ndivyo ulivyotuita kila tulipomwaga maziwa, mpaka Mama akakukataza? Basi nikaandika kwenye rekodi ya kazi, ile tunayojaza kwa simu kila shifti: mzee amemwita Lorraine nyati, na mimi ameniita kunguru. Meneja wangu, Bridget, alinisifu. Alisema ni mimi wa kwanza kueleza huyu mzee anasema nini. Nimefurahi, Baba. Kipunjabi chako cha kiwandani kimenipa sifa London.

Mwanao anayekupenda,
Dinah


Elburgon
16 Februari 2024

Mwanangu Dinah,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Mama anakusalimu. Magoti yanalalamika, mdomo uko salama kabisa. Mimi pia sijambo, ila jana nimepanda ngazi kurekebisha paa na nimeombwa nisirudie.

Nimefurahi kwamba uko na mzee wa watu wale. Lakini umekosea, mwanangu, na kosa ni langu kuliko lako.

Miaka thelathini na nane nilikuwa chini ya Mistri Lachman pale kiwanda cha mbao. Akikasirika alitupigia kelele kwa wanyama, na hao ndio niliokuja nao nyumbani jioni pamoja na vumbi la mbao. Lakini saa nne, msumeno ukizimwa tunywe chai, alitumia wanyama walewale kusema mambo ya maana: ndoa, uvivu, uchoyo, watoto, kifo. Hayo sikuyaleta nyumbani. Mlikuwa wadogo na mimi nilikuwa nimechoka. Ndiyo sababu mlirithi matusi peke yake.

Nyati wao usimfikirie huyu wetu wa Aberdare anayeua watu. Ni wa kufugwa, mweusi, mtulivu, anafungwa uani. Nyumba yenye nyati ina maziwa, ina samli, ina heshima mbele ya majirani. Mwanamke akitajwa kwa nyati, huenda anaambiwa kwamba nyumba imesimama kwake. Ila nisikudanganye, nyati huyohuyo hutajwa pia kwa mtu mzito wa kuelewa. Unatofautisha kwa kuangalia kinachotokea wakati ule.

Na kunguru: kwao akilia ukutani asubuhi, mgeni yuko njiani. Mistri hakumfukuza hata siku moja, alimkatia kipande cha chapati yake. Sasa nijibu hili. Mzee alisema kaan ulipokuwa umeshaingia, au kabla hujaingia?

Misemo yenyewe sikuandikii. Ikitolewa kinywani mwao ikaandikwa na mimi, itabaki maganda. Nitakueleza kazi ya kila mnyama, inatosha.

Baba yako,
Elkana


Thamesmead
20 Februari 2024

Baba,

Natumaini mmeamka salama na ngazi imefichwa. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujatulia.

Kabla. Jibu ni kabla, Baba. Lorraine anasema kila siku saa tatu kasorobo asubuhi mzee hugeuza kiti chake dirishani na kusema kaan, kaan. Mimi nilimsikia nikiwa bado nazungusha ufunguo mlangoni. Alikuwa ananingoja, nami nikaandika kwamba amenitukana!

Na sasa imekuwa kubwa. Ofisini wamesoma "kunguru" na wakaangalia mimi ni nani na Lorraine ni nani, wanawake weusi wawili, wakaandika kwa herufi nyekundu: matusi ya rangi. Tarehe kumi na nne Machi kuna kikao nyumbani kwa mzee. Atakuja Bridget, na afisa wa ustawi kutoka manispaa. Kampuni inataka kuacha kutuma walezi. Wakiacha, mzee atapelekwa kwenye makao ya wazee. Nimeulizia: hakuna hata mfanyakazi mmoja pale anayejua Kipunjabi. Atakaa kitini aseme wanyama wake, na watu watampa dawa za kutuliza.

Kauli ya mwisho iko kwa Lorraine. Akisema mzee anabaki, wataangalia namna ya kumsaidia. Akisema aende, ataenda. Na Lorraine ameumia. Jana aliniambia, "Miaka thelathini na moja ananiita hilo neno. Nilimuuliza Parminder maana yake, akacheka, akasema ndivyo Baba alivyo. Sasa nimesoma kwenye rekodi yako. Nyati! Nimempikia, nimemfulia, nimemzika mwanawe, kumbe mimi ni nyati." Kisha akasema, "Acha tu waende naye, Dinah. Nimechoka."

Nilitaka kumwambia uliyoniandikia nikashindwa. Niliona aibu. Pia naogopa, Baba. Nikisema rekodi yangu ilikuwa ya uongo, kibali changu cha kazi kiko mkononi mwa kampuni hii. Nifanye nini?

Mwanao,
Dinah


Elburgon
24 Februari 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hapa tuko salama, na mvua imeanza kunukia.

Nimeelewa. Sasa sikiliza, au tuseme soma. Usimwendee huyo mama na maneno yangu peke yake. Atasema unajitetea kwa kinywa cha baba yako, mzee asiyesikia, aliye mbali, ambaye hajawahi hata kumuona Ujagar. Nenda na alichofanya mzee mwenyewe.

Gogo likifika kiwandani, Mistri hakuniruhusu kulikata siku hiyo. Ilibidi nilizunguke na chaki, niweke alama kila penye kifundo, kila penye ufa, hata upande wa chini, ambao ilibidi watu wanne waugeuze juu. Basi chukua daftari. Kila akitaja mnyama, andika kilichotangulia, neno lenyewe, na kilichofuata. Andika yote, Dinah, hata yale utakayotamani yasingekuwepo. Ukificha moja, yaliyobaki hayatakuwa na nguvu.

Na rekodi ile uirekebishe wewe, kwa jina lako. Wewe hukusema uongo. Ulijua nusu ukaandika kana kwamba unajua yote. Waambie hivyohivyo. Kuhusu kibali, mimi na Mama tutaomba kila siku. Wakikurudisha nyumbani tutakupokea kwa furaha, kuna kitanda na kuna kazi ya kunizuia kupanda ngazi.

Nina jambo moja zaidi. Tangu kiwanda kifungwe sijapata mtu wa kumtamkia hata neno moja la lugha ile. Mistri alifariki, wengine walihama. Nilidhani yale yote yamekwisha kazi, kama misumeno iliyouzwa vyuma chakavu. Sasa binti yangu ananiuliza maana ya maj. Nakushukuru sana, mwanangu. Nimekaa barazani siku tatu nikiwakumbuka wanyama wote.

Baba yako,
Elkana


Thamesmead
10 Machi 2024

Baba mpendwa,

Hamjambo nyote? Samahani kwa kimya, nilikuwa najaza daftari. Niko sawa, na nakula, mwambie Mama.

Siku kumi na nne nimeandika. Neno maj mzee amelitaja mara kumi na moja. Mara tisa ni Lorraine akirudi kazini: anavua koti, anafungua pazia, anabandika maziwa ya chai, na mzee anamfuata kwa macho, anaweka mkono wake usiopooza kifuani, anasema maj. Mara mbili ni kinyume. Alitaka kwenda msalani, Lorraine akamletea blanketi, kisha akamletea gazeti. Hapo alilisema huku akipiga mkono wa kiti! Nilitamani kuzifuta hizo mbili, Baba. Sijazifuta.

Jana ilikuwa Jumamosi, Lorraine yuko nyumbani. Nikamwekea daftari mezani jikoni na nikamtafsiria barua yako ya kwanza, mstari kwa mstari, hata ile sehemu ya sisi kurithi matusi peke yake. Alisoma ukurasa mmoja akarudi nyuma kuusoma tena. Alipofika kwenye zile mbili akacheka kidogo, "Hizo nilistahili." Kisha akaniuliza, "Baba yako ana uhakika?" Nikamwambia baba yangu ana uhakika kwamba unapaswa kuangalia mwenyewe. Akafunga daftari akapanda juu. Hakuniambia ameamua nini, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Kuna mwingine ambaye simwelewi. Tangu wiki iliyopita, nikimfunga mzee kilemba mbele ya kioo, anajiangalia na kusema kutta. Hilo nalijua, ni mbwa. Halisemi kwa hasira. Analisema polepole, kisha anainamisha kichwa na kilemba kinalegea, inabidi nianze upya. Ni nini?

Nashukuru kwa kila neno, Baba. Nikiwa kwenye treni nasoma barua zako mpaka napitiliza stesheni.

Mwanao,
Dinah


Elburgon
12 Machi 2024

Dinah mwanangu,

Leo salamu ni fupi, Marion ana haraka ya kwenda shuleni na simu yake. Sote wazima.

Mbwa wao ana kazi nyingi, lakini mzee akijitaja mwenyewe hivyo, ni kwamba amejiona hana kwao. Hapa si kwake na kule si kwake. Mistri alijisema hivyo aliporudi kutoka India kwenye msiba wa mama yake. Kule walimwita mgeni, akarudi huku akakuta majirani wamemzoea kama mgeni vilevile. Alikaa juu ya gogo akasema neno hilo, na hakuna fundi aliyecheka.

Mzee wako anajua habari za kikao. Kiharusi kilichukua maneno, hakikuchukua masikio. Yeye na mimi tungegawana tungekuwa mtu mmoja mzima. Mwambie Lorraine leo, usingoje Alhamisi.

Baba yako,
Elkana


Elburgon
30 Machi 2024

Mwanangu Dinah,

Tunakusalimu kwa wasiwasi. Wiki mbili na zaidi hujaandika. Marion anasema ujumbe wake umesomwa lakini hujajibu, na Mama amefikia kusema nisingekupa ushauri wowote, eti mshahara ni mshahara. Huenda ana haki. Kama wamekufukuza, tuambie. Kama mzee amepelekwa, tuambie pia, tutahuzunika nawe. Nimekuwa nikifikiri kwamba nilikuwa mwepesi wa kukutuma mahali ambapo mimi siendi.

Andika hata mstari mmoja.

Baba yako,
Elkana


Thamesmead
6 Aprili 2024

Baba na Mama wapendwa,

Nisameheni. Sikufukuzwa. Niko mzima na nina kazi. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nangoja barua ya kampuni, nikaona nisiwape nusu ya habari tena. Nimejifunza!

Habari ya mbwa nilimweleza Lorraine jioni ileile ya barua yako. Kikao kilifanyika sebuleni. Bridget alikaa karibu na mlango na kompyuta yake, afisa wa manispaa kwenye sofa, mzee kwenye kiti chake na kilemba cha bluu, Lorraine kando ya dirisha. Nilisimama nikasema yote. Nikasema rekodi ile niliiandika mimi, kwamba nilijua majina ya wanyama na sikujua watu wale huwatumia kusema nini, na kwamba nilipaswa kuuliza kwanza. Nikawasomea daftari, tisa na mbili. Bridget hakuinua macho.

Afisa akamgeukia mzee akamuuliza kwa upole, akitaja neno moja moja, kama anataka kubaki katika nyumba hii. Mzee alifungua mdomo. Tuliona anatafuta, jasho likamtoka. Hana "ndiyo", hana "hapana". Mwisho akamgeukia Lorraine, akaweka mkono kifuani, akasema, "Maj."

Lorraine akaanza kulia. Akaenda akapiga magoti mbele ya kiti. Akamwambia, "Nimesikia, Baba. Miaka yote hiyo nilikuwa sisikii." Hajawahi kumwita Baba, aliniambia baadaye. Kisha akamwambia afisa, bila kugeuka, "Ameshajibu. Anabaki kwake."

Na amebaki. Ile alama nyekundu imefutwa, walezi wanaendelea, na Lorraine ameweka karatasi ya wanyama mlangoni pa friji ili kila mlezi aisome. Maelezo ni yako, nimeyatafsiri mimi. Chini yake ameandika: kwa hisani ya Mzee Elkana, Elburgon. Amenituma nikushukuru. Alitaka kukupigia simu, nikamweleza habari ya masikio, akacheka mpaka akakaa.

Mimi nimepewa onyo la maandishi, kwa kuandika nisilolijua. Ni haki yangu. Kibali hakijaguswa. Lakini sheria yao ni kwamba mlezi aliyesababisha kikao haendelei na mteja huyo, kwa hiyo nimehamishiwa kwa bibi mmoja hapahapa Thamesmead, dakika kumi kwa miguu. Kila mtu ananipongeza kwa safari fupi. Mimi nalia, Baba. Nampenda mzee yule.

Asubuhi ya mwisho nilimfunga kilemba taratibu kuliko siku zote. Nikamwambia ninaondoka, nikamshukuru kwa Kiswahili kwa kuningoja dirishani. Akashika kiganja changu akakigeuza juu, kama anayetafuta kitu. Akasema neno ambalo hukuwahi kutuitia nyumbani hata tulipovunja sahani zote. Kunj. Alilisema mara mbili, na machozi yalimtoka. Nilimuuliza Lorraine, hajui. Sijaliandika kwenye rekodi. Safari hii nauliza kwanza: ni mnyama gani huyo?

Mwanao,
Dinah


Elburgon
12 Aprili 2024

Mwanangu,

Mama amepiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza ni nani anaolewa. Sote tumemshukuru Mungu kwa ajili ya mzee, kwa ajili ya Lorraine, na kwa ajili ya onyo lako, ambalo ulilipokea kama mtu mzima. Mwambie Lorraine nimesimama wima nilipofika kwenye jina langu mlangoni pa friji yake.

Kunj ni ndege. Anafanana na korongo, shingo ndefu, rangi ya majivu. Kila mwaka hutoka nchi za baridi kwa makundi, wakapita juu ya Punjabi wakilia angani. Wao humtaja kwa binti aliyeondoka kwao akaenda mbali sana. Mwili wake uko huko alikokwenda, na moyo kila mara unageuka kuwatazama aliowaacha. Kwa mtu mwingine yeyote neno hilo halitumiki hivihivi.

Miaka yote thelathini na nane, Mistri alilisema mara moja. Ilikuwa siku binti yake alipoondoka kwenda huko uliko. Saa tano asubuhi, oda zikiwa zimejaa uwanja, alinipungia nizime msumeno. Tukakaa kwenye magogo mpaka saa saba, yeye na mafundi wake wote, hakuna aliyefanya kazi.

Kwa hiyo mzee Ujagar alikuona, Dinah. Alikuwa anakujua wewe ni nani tangu mwanzo.

Siku tulipokusindikiza uwanja wa ndege Nairobi, nilikuwa nalo neno hilo mdomoni. Ulinikumbatia ukangoja niseme kitu, na mimi nikakuambia uangalie pasipoti yako isianguke. Nilifikiri hutalielewa, na sikuwa na jingine la kutosha. Umeliishi miaka sita bila mtu wa kukuambia, na mimi baba yako nilikuwa nalijua.

Sasa unalielewa, nami nalisema. Kunj wangu.

Baba yako,
Elkana